Kioo cheupe kama maji, lakini infraredi haipiti. Nani anaimeza?

Kisaga_Lenzi aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina kitendawili cha kioo kinachoninyima usingizi, hii ni wiki ya pili. Nikisema kioo nina maana kile cha kupitishia nuru, si cha kujitazamia, tusije tukapotezana mapema.

Najitengenezea spektromita ndogo (chombo cha kupima nuru wimbi kwa wimbi) ya infraredi ya karibu, ile nuru isiyoonekana iliyo ng'ambo ya nyekundu, mawimbi ya nanomita 700 hadi 1100. Prizimu, kile kioo cha pembe tatu cha kutawanya nuru, sikuwa nayo. Nilikuwa na kipande cha kioo cha dirisha kinene, milimita 19, nikakikata, nikakisaga kwa unga wa silikoni kabaidi kuanzia chenga hadi ule laini kama poda, nikamalizia kwa oksidi ya seri juu ya lami. Wiki tatu za mkono, na bega langu bado linakumbuka. Kikatoka kimetakata: ukikilaza juu ya gazeti unasoma hadi vile viherufi vya chini kabisa.

Nikakifunga kwenye sanduku, nikawasha taa ya halojeni. Kwenye 700 nuru ipo. Kwenye 800 inalegea. Nikikaribia 1000, mshale wa kipimo umelala. Nikailaumu taa, haikuwa taa. Nikakilaumu kihisi, maana silikoni nayo huchoka ikikaribia 1100, lakini kwenye 1000 bado ina uhai. Mwishowe nikaazima prizimu ya zamani ya kioo cha lenzi, nikaiweka palepale bila kugusa kingine chochote, na nuru ikarudi. Basi mwizi ni kioo changu.

Nikachukua mabaki ya kipande kilekile, pande mbili sambamba, unene uleule wa milimita 19, nikampelekea rafiki mwenye spektrofotomita, mashine ya kupima asilimia ya nuru inayopita. Kwenye nanomita 550 kilipitisha asilimia 81. Kwenye 1050, asilimia 42. Kioo cha lenzi cha unene huohuo kilitoa 92 kote kuwili.

Nikikitazama uso kwa uso ni cheupe. Nikikitazama ubavuni ni kijani cha bwawa. Nimesoma kwamba ni chuma. Sawa, lakini nimesoma pia kwamba oksidi ya chuma kwenye kioo cha dirisha ni kama asilimia 0.1 tu. Sehemu moja katika elfu inawezaje kula zaidi ya nusu ya nuru? Na kama chuma ndicho kinachotia ukijani, mbona hasara kubwa iko mahali ambapo jicho halioni kabisa?

La mwisho. Nilianza kutafuta silika safi (kioo cha silikoni na oksijeni tupu) ya kuchukua nafasi yake. Aina moja wanaisifu kwamba ina hidroksili (jozi za oksijeni na hidrojeni, masalia ya maji) sehemu 1000 kwa milioni. Aina nyingine wanaisifu kwamba karibu haina. Sasa ipi ndiyo chafu?

Kurunzi alijibu:

Dada, usikisingizie chuma kabla hujaangalia ung'arishaji wako. Kusaga kwa mkono huacha mikwaruzo ambayo huioni, na mikwaruzo hutawanya nuru. Rudi kwenye lami siku tatu nyingine halafu upime tena.

Kisaga_Lenzi alijibu:

Nililiwaza hilo, kaka, na kwa sababu ya bega langu nililiwaza kwa hofu. Lakini mikwaruzo midogo huyaonea mawimbi mafupi kwanza. Ingekuwa ni mtawanyiko, buluu ndiyo ingeumia na infraredi ingepita ikicheka. Hapa mambo yamepinduka: mafupi yanapita, marefu yanakufa.

Kurunzi alijibu:

Nimenyoosha mikono. Tumsubiri mzee wa tanuri.

FundiTanuri alijibu:

Marahaba, binti. Najua hukuniamkia, nimejiitikia mwenyewe.

Nimeyeyusha kioo maabara kwa miaka 22, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nafukuza chuma. Prizimu yako haina kosa la mkono. Umesaga vizuri kitu kisichofaa kazi hiyo, basi.

Tuanze na hesabu, maana vipimo vyako vizuri na hujavitumia. Ile 92 ya kioo cha lenzi si ufyonzaji. Kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4 ya nuru, nyuso mbili zinakula 8, hata kioo kiwe safi namna gani. Kwa hiyo gawa namba zako kwa 0.92 ili ubaki na kilichotokea ndani tu. Kwenye 1050: 0.42 kwa 0.92 ni kama 0.457. Chukua logi asilia, ondoa alama ya kutoa, gawa kwa sentimita 1.9, unapata 0.41 kwa kila sentimita. Kwenye 550 ukifanya hivyohivyo unapata kama 0.067. Maana yake ni kwamba kioo chako kinafyonza infraredi mara sita kuliko kinavyofyonza kijani. Weka namba hizo mbili mfukoni, zitakutumikia kwa unene wowote wa kioo hichohicho.

Sasa chuma. Ndani ya kioo kina sura mbili. Kuna ioni iliyopoteza elektroni mbili, Fe²⁺, na iliyopoteza tatu, Fe³⁺. Ni ndugu, ila tabia hazifanani. Fe³⁺ hufyonza sana kwenye urujuanimno, ile nuru isiyoonekana iliyo ng'ambo ya zambarau, na kwenye nuru ya kuonekana huacha vijibonde vidogo tu, yaani mahali nuru inapomezwa, karibu na nanomita 380, 420 na 440. Huleta umanjano hafifu. Fe²⁺ ndiye mla-nuru wako. Ana bonde moja pana mno, kitovu chake karibu na nanomita 1050, na mkia wake unaburuzika hadi ndani ya nyekundu. Jicho linaona mkia tu: nyekundu inapungua kidogo, kioo kinaonekana kibuluu-kijani. Mnyama mwenyewe amelala nje ya macho yako. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili.

La kwanza, la "sehemu moja katika elfu". Silika yenyewe haina la kufanya na nuru ya kuonekana. Ili elektroni zake zipande zinataka nguvu kubwa, ya urujuanimno wa mbali. Ili viungo vyake vya silikoni na oksijeni vitikisike vinataka mawimbi marefu, ya infraredi ya mbali. Katikati hapo pana uwanja mtupu, na uwanja huo ndio tunaouita uangavu. Kwenye uwanja mtupu hata mtu mmoja anaonekana. Ioni ya chuma ina elektroni za tabaka wanaloliita d ambazo oksijeni zinazoizunguka zimezitenganisha kwa mwanya mdogo, na mwanya huo unalingana kabisa na nuru inayopita pale. Kila ioni inafyonza kidogo tu, lakini hesabu ni ngapi zimo njiani: kwenye sentimita moja ya ujazo wa kioo chenye asilimia 0.1 kuna ioni za chuma kama 2 ikifuatwa na sifuri 19. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hapa samaki waliooza ni wengi kuliko unavyodhani, ila mtungi ni mkubwa.

Ndiyo maana daraja za usafi wa kioo zinaruka kwa makumi. Kioo cha dirisha kina chuma sehemu kama 1000 kwa milioni. Kile kinachouzwa kwa jina la "chuma kidogo", cha kufunikia paneli za sola, ni kama 100. Kioo cha lenzi nzuri, sehemu chache tu kwa milioni. Nyuzi za kioo za mawasiliano, yaani faiba, zinahesabu sehemu kwa bilioni, na hapo namwachia mwenzangu wa faiba akiamka.

Kuna jambo ambalo vitabu hulipita mbio: kiasi cha chuma hakikuambii kila kitu. Sura ipi imetawala ndilo swali. Chuma kilekile, uzito uleule, nikikiyeyusha kwenye tanuri lenye oksijeni ya kutosha na nikatia nitreti kidogo ya potasiamu, Fe²⁺ nyingi zinageuka Fe³⁺ na infraredi inapita vizuri zaidi. Nikikiyeyusha kwa joto la juu zaidi, au vumbi la mkaa likiingia kwenye mchanganyiko, zinarudi kuwa Fe²⁺ na kioo kinabuluika. Niliwahi kuyeyusha sufuria mbili kutoka gunia moja la mchanga, moja ikatoka na rangi ya majani ya chai yaliyochujwa mara ya tatu, nyingine rangi ya bahari. Uchambuzi wa kemia ulisema zina chuma sawasawa. Kijana aliyekuwa akinisaidia alikuwa amefuta mikono kwa karatasi na karatasi ikaanguka ndani ya mchanganyiko. Karatasi ni kaboni.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama, niendelee. Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua kemikali zilizoandikwa asilimia 99.9, nikajiona tajiri wa usafi. Kioo kikatoka kijani. Nikakaa nikaisoma ile namba upya: 99.9 ina maana sehemu 1000 kwa milioni ni kitu ambacho hakikutajwa. Nikanunua za 99.999. Kijani ikapungua, haikuisha. Nikafuata hatua zangu nyuma moja baada ya nyingine, nikakuta nachekecha mchanga kwa ungo wa chuma cha pua. Mchanga wa silika ni mgumu kuliko huo waya, kila mtikiso unakwangua kidogo, na pamoja na chuma ulikuwa unaniletea kromi, ambayo rangi yake ni kijani kikali na macho huiona hata ikiwa kidogo sana. Nikahamia ungo wa nailoni, na kinu cha agati badala ya cha chuma. Ndipo nikapata kioo.

Kobalti usiniulize. Nilitumia chungu ambacho mwenzangu aliyeyushia kioo cha buluu, tukakisugua, tukakichemsha kwenye asidi, kikang'aa. Yeyusho la kwanza: buluu. La pili: buluu hafifu. La tatu nalo ukilitazama kwa urefu lina kivuli cha buluu. Kobalti ina mabonde matatu yaliyoshikana mikono karibu na nanomita 540, 590 na 640, katikati kabisa ya nuru ya kuonekana, kwa hiyo sehemu chache kwa milioni zinatosha kukuumbua kwenye kipande kinene.

Utasikia watu wanasema: si watie dawa ya kuondoa rangi? Ipo, na ni ya kale. Manganizi mafundi waliita sabuni ya kioo. Inafanya kazi mbili. Kwanza inaigeuza Fe²⁺ kuwa Fe³⁺, na hiyo ni faida ya kweli. Pili inaleta uzambarau wake unaofuta ukijani machoni, kama unavyotia nili kwenye shuka lililofanya umanjano. Lakini shuka lenye nili halijawa jeupe zaidi, limekuwa jeusi kidogo kwa usawa. Seleni na kobalti ni mchezo uleule. Kwa chupa inatosha. Kwa lenzi ni hasara juu ya hasara, maana unafyonza na zile rangi zilizokuwa zimebaki salama. Tena manganizi ina kisasi: kioo kikikaa juani miaka mingi, urujuanimno unainyang'anya elektroni na zambarau inachipuka upya. Zile chupa kuukuu zenye rangi ya maua ni hilo.

Swali lako la silika nitalijibu jioni, tanuri linaniita.

Waya_wa_Nuru alijibu:

Nimeamka, mzee.

Nimegeuza namba za dada kuwa lugha yetu. Ile 0.067 kwa sentimita ni kama desibeli 29,000 kwa kilomita (kila desibeli 10 unabakiwa na sehemu moja ya kumi ya nuru). Ile 0.41 ni kama 178,000. Kwa watu wa faiba huo si kioo, ni ukuta.

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham waliandika kwamba hasara kubwa ya nuru kwenye kioo haitokani na kioo chenyewe, inatokana na uchafu uliomo, na kwamba hasara ikishuka hadi desibeli 20 kwa kilomita mawasiliano yatawezekana. Desibeli 20 ni kubakiwa na asilimia moja ya nuru baada ya kilomita moja. Inaonekana ni masikini, lakini vioo vizuri vya wakati ule vilikuwa kwenye 1000 kwa kilomita, yaani unabakiwa na moja iliyogawanywa kwa namba yenye sifuri mia. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya vioo ya Corning wakafika 17. Mwaka 1979 Wajapani wakafika 0.2 kwenye nanomita 1550. Miaka 9 tu. Kao alipewa Nobeli mwaka 2009.

Ujanja haukuwa kusafisha mchanga. Mchanga waliuacha kabisa. Silikoni tetrakloridi ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 58 hivi, na kloridi za chuma na shaba hazipandi kuwa mvuke kirahisi kwenye joto hilo. Unachemsha taratibu, silikoni inapanda juu, uchafu unabaki chini, halafu mvuke unauchoma na oksijeni unakuwa silika. Kama kukeneka marashi.

Chuma kikaisha, akabaki adui mwingine: maji. Hidroksili hutikisika kwenye nanomita 2730, na mwangwi wa kwanza wa mtikisiko huo unaangukia karibu na 1383, jirani kabisa na madirisha yetu, yaani mawimbi tunayopitishia mawasiliano, ya 1310 na 1550. Sehemu moja tu kwa milioni inaleta kama desibeli 50 kwa kilomita pale kwenye kilele. Ndiyo maana michoro ya zamani ya faiba ina kilima katikati, na faiba za siku hizi ambazo wamekikausha kilima hicho wanazitaja kwa fahari. Wanakausha kwa klorini kabla kioo hakijafungika.

Spektromita yako dada haifiki huko. Prizimu ya sentimita mbili haiwezi hata kuijua sehemu moja kwa milioni ya hidroksili. Urefu wa njia ndio unaoamua uchafu upi ni uchafu.

Kurunzi alijibu:

Mimi nina lenzi kuukuu ya kamera, kipande cha nyuma kimefanya umanjano kama chai ya maziwa. Nayo ni chuma? Na kile kioo kizito cha lenzi kiitwacho flinti mbona karibu vyote vina umanjano hata vipya?

FundiTanuri alijibu:

Nimerudi. Nikupitie wewe haraka, Kurunzi, halafu nimalizie deni la binti.

Umanjano wa flinti mpya sehemu kubwa si uchafu, ni maumbile. Ukitia risasi nyingi, au titani na niobi kama wanavyofanya tangu walipoanza kuikimbia risasi, ukingo wa urujuanimno unasogea kuelekea buluu na kuanza kuula. Uchafu unausukuma ukingo huohuo mbele zaidi, kwa hiyo flinti inataka malighafi safi kuliko kioo chepesi, haina nafasi ya kupoteza. Kwenye katalogi ya Schott, watengenezaji wa kioo cha lenzi, tazama alama mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Ya kwanza inaonyesha urefu wa wimbi ambapo kipande cha milimita 10 kinapitisha asilimia 80, ya pili asilimia 5, kwa makumi ya nanomita. N-BK7, kioo cha kawaida cha lenzi, ni 33/29: yaani 330 na 290. Flinti nzito ina namba kubwa zaidi, na ndipo unapoona umanjano unatoka wapi bila kufungua pakiti.

Lenzi yako kuukuu huenda ina thori. Miongo kadhaa ya katikati ya karne iliyopita waliitia thori kwenye vioo vya kupinda nuru sana, na thori hutoa mionzi. Miale yake inang'oa elektroni polepole na kuzinasa kwenye kasoro za kioo, na kila elektroni iliyonaswa inafyonza buluu. Hapo si uchafu uliofyonza, ni jeraha. Ukiiweka chini ya taa ya urujuanimno siku kadhaa, elektroni zinaachiliwa na umanjano unafifia. Usiisage tu, vumbi lake usilivute.

Haya, binti. Silika yenye hidroksili 1000 na isiyo nayo, ipi chafu? Zote safi, ila zimesafishwa kwa watu wawili tofauti. Ile yenye hidroksili nyingi imetengenezwa kwa kuchoma mvuke kwenye mwali wa hidrojeni na oksijeni, metali ndani yake karibu hazipo, na hidroksili inaziba viungo vilivyokatika ambavyo vingefyonza urujuanimno. Ndiyo inapitisha hadi chini ya nanomita 190. Lakini mpe nuru ya 2700 uone: inazimika. Ile kavu ni kinyume chake. Ikitengenezwa kwa upungufu wa oksijeni inaweza hata kuwa na bonde karibu na nanomita 245, ambalo halina metali yoyote ndani yake. Na kuna ya tatu, ya kuyeyusha fuwele za kwatsi asilia: haina maji mengi, lakini inabeba alumini na titani kutoka ardhini, na urujuanimno wake unaanza kufa mapema.

Kwa 700 hadi 1100 yako, yoyote kati ya hizo tatu inatosha. Hidroksili ina kijibonde karibu na 945, lakini kwa sentimita mbili hutakiona. Tena kwa kweli huhitaji silika. Kioo cha kawaida cha lenzi, krauni, kinatosha, na kinatawanya rangi vizuri kuliko silika. Spektromita inataka kutawanya.

Nikupe na kisa kimoja cha platini, kwa sababu kinanichekesha hadi leo. Ukikimbia udongo wa chungu, maana udongo una chuma, unakimbilia platini. Platini nayo inajipenyeza. Ikiyeyuka kabisa ndani ya kioo inakuwa ioni, inafyonza urujuanimno na buluu, unaona umanjano wa kijivu. Isipoyeyuka inabaki chembe ndogo kuliko vumbi, macho hayaioni, mashine ya kupima nuru nayo haioni. Walioiona ni watu wa leza kubwa. Kule National Ignition Facility, California, wana miale 192 na vibao zaidi ya 3000 vya kioo cha fosfeti chenye neodimi, kila kimoja kama kilo 42. Leza ikipita, chembe moja ya platini inachemka ghafla na kupasua kioo kutoka ndani. Dawa waliyoipata ni kuyeyusha kwenye hewa yenye oksijeni na klorini ili platini yote iyeyuke kabisa iwe ioni. Yaani walichagua uchafu unaofyonza kidogo kila mahali badala ya uchafu uliokusanyika mahali pamoja. Leza hiyo inafanya kazi kwenye 1053, na unajua sasa nani mwingine anaishi mtaa huo. Fe²⁺. Shaba nayo, bonde lake la 800 na ushei lina mkia mrefu.

Kabla hujatupa kile kioo chako, nifanyie jaribio moja. Tafuta kipande cha milimita 6 cha aina hiyohiyo. Kwa ile 0.41 natabiri kwenye 1050 kitapitisha asilimia 72. Ikitoka tofauti sana, nimekudanganya au chuma chake kimeyeyushwa vingine.

Kisaga_Lenzi alijibu:

Shikamoo mzee, nianze na hiyo leo isije ikanigharimu tena.

Kipande cha milimita 6 nimekipata, rafiki amekipima asubuhi. Asilimia 72.4 kwenye 1050. Nimerudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya: 72.4, 72.1, 72.5. Tukajaribu kuanzia 700 hadi kupita 1050, tukachora, na lile bonde likajitokeza lote, linateremka kutoka 700 kama mlima wa mchanga hadi 1050, na baada ya hapo linaanza kupanda taratibu. Muda wote huo nilikuwa natazama ukijani wa ubavuni nikidhani ndio ugonjwa mzima.

Nimeomba prizimu ya krauni, imeshafika, iko kwenye sanduku na mshale unasimama hadi 1080. Cha dirisha sikukitupa. Taa yangu ya halojeni ilikuwa inachemsha kila kitu mbele yake hadi gundi ya kihisi ikalainika. Nimekikata kile kipande cha 19 kuwa kibao, nikakiweka mbele ya kondensa (lenzi ya kukusanya nuru) ya taa yangu nyingine, ya darubini, ambayo nayo ina joto lakini ninataka nuru yake ya kuonekana tu. Kinapitisha mwanga na kukamata joto. Nimeweka mkono nyuma yake, tofauti ni kubwa.

FundiTanuri alijibu:

Wanaotengeneza vichungi vya joto hutia Fe²⁺ kwa makusudi na kuyeyusha kwa upungufu wa oksijeni ili isigeuke. Umepata bure walichokitafuta.

Ila lile joto halikutoweka, limo ndani ya kibao chako sasa. Kioo cha dirisha kinavimba kama sehemu 9 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, katikati kunapata moto kuliko pembeni, na kikibanwa kinapasuka kwa mlio utakaokurusha kitini. Legeza fremu, acha nafasi ya unene wa karatasi mbili pande zote, lainisha kingo zake kwa ule unga wako wa silikoni kabaidi, na upulizie kifeni upande wa taa. Bega lipumzike kwanza.